Swali la Mwanatumu wa Waa

Jumanne, tarehe 12 Mei 1998. Mvua ilianza kabla ya alfajiri, ikakatika saa tatu na nusu. Baada ya hapo likatoka jua kali na ardhi ikawa inafuka mvuke.

Siku hiyo ndiyo niliyomfahamu Mwanatumu, ingawa tulikuwa tumeishi jirani hapa Waa kwa miaka kumi na sita. Kabla ya hapo nilimjua kama walivyomjua wote: mzaliwa wa Kibuyuni, mjane, hasomi chochote ila msahafu, na kazi yake ni kuwakanda wazazi. Mwanamke akijifungua, Mwanatumu huenda kwake kila siku mpaka arobaini itimie. Humwosha kwa maji ya moto, humkanda mgongo na miguu, kisha humfunga mkaja wa kitambaa tumboni.

Mimi ni karani wa zahanati. Siku hizo niliazimwa kwa Daktari Rael, mama wa makamo kutoka Nairobi anayetibu magonjwa ya akili. Yeye na wenzake wa nchi kadhaa walikuwa wakiandaa mwongozo wa kuwahudumia akina mama wanaougua rohoni baada ya kuzaa. Mahali watakapoona shida ipo, atapelekwa muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo. Walikuja na karatasi ya maswali kumi. Una huzuni? Unalala? Unalia bila sababu? Kwa siku tatu tuliwauliza akina mama arobaini na mmoja, mimi nikiandika, na wote walijibu namna moja: "Alhamdulillahi," au, "Namshukuru Mungu."

"Hawa wako salama," Daktari Rael aliniambia asubuhi ile akifunga mkoba. "Kesho kwenye mkutano Matuga nitawaambia wenzangu muuguzi apelekwe kwingine."

Mwanatumu alikuwa ameketi barazani akisubiri dawa ya macho. Akacheka.

"Shikamoo, bibi," daktari akamwambia. "Nimekosea wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kwani wewe mgeni akikuuliza hujambo, humfunulia kidonda?"

"Lakini hatukuwaamkia. Tuliwauliza."

"Mliwauliza hali. Mtu akiulizwa hali mbele ya mkwewe, jibu ni moja, hata awe anakata roho." Kisha akaacha kucheka. "Yuko mmoja katika hao wenu. Kalekye, mke wa Masila. Leo ni siku ya kumi na tisa namkanda, na kila nikitoka pale naogopa nitakachokikuta kesho yake."

Nilifungua daftari. Kalekye alikuwa wa ishirini na saba. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "Namshukuru Mungu, niko sawa."

Masila ni mhudumu wa hoteli Diani, hurudi nyumbani mara moja kwa juma. Mama mzazi wa Kalekye yuko Ukambani, naye tangu vurugu za Agosti mwaka uliopita, watu wa bara walipokimbia makwao, aliogopa kukanyaga Pwani. Kwa hiyo Kalekye alizaa akabaki na mkwewe, Kaindi, mama wa Masila.

Mlangoni kwa Kalekye, Mwanatumu alitusimamisha. "Daktari, vua viatu. Na hiyo karatasi iache hapo hapo na viatu." Akanigeukia mimi. "Na wewe karani, kalamu haichemshi maji. Kachochee moto."

Kaindi alitupokea mikono kiunoni. "Mmerudi tena? Huyu ni uvivu tu. Mimi nilimzaa Masila asubuhi, jioni nikalima!"

"Ndiyo maana Masila hatulii nyumbani," Mwanatumu akamjibu. "Mama Masila, nitafutie majani ya mwarobaini."

"Si huo hapo nyuma?"

"Huo umekunywa mvua nyingi. Nataka wa kule shuleni."

Kaindi alikwenda akinung'unika. Nikaleta maji. Kalekye aliketi kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni, na Mwanatumu akaanza mabegani. Kwa muda mrefu alizungumza habari za goti lake na mbuzi wa jirani aliyekula leso. Halafu, kwa sauti ile ile, akasema, "Kalekye, mwanao anafanana na nani?"

Kila mama ana jibu la swali hilo. Hata anayejidanganya analo: pua ya babu, kidevu cha shangazi. Mtoto alikuwa amelala mkekani, hatua mbili kutoka pale. Kalekye aliinamia maji ya beseni.

"Sijui," alisema. "Sijamwangalia."

Mikono ya Mwanatumu haikusimama. "Ukimnyonyesha, macho unayaweka wapi?"

"Ukutani. Tangu siku ya kwanza. Bibi, mtoto huyu angepata mama mwingine ingekuwa heri. Nawaza kuondoka."

"Kwenda wapi?"

"Si mahali. Kuondoka tu."

Daktari Rael alisogea akakaa chini karibu na beseni. Alimuuliza waziwazi, kwa upole, kama amewaza kujitoa uhai. Kalekye akaitikia kwa kichwa, kisha akalia, kilio kikubwa cha mtu aliyetua mzigo. Daktari akamshika mkono. "Huu ni ugonjwa, mama. Si uvivu wala si laana. Unatibika."

Kaindi aliporudi na majani yake, daktari alimweleza yote nje, taratibu. Kaindi aliingia ndani, akambeba mtoto.

"Nani alikufundisha swali lile?" daktari akamuuliza Mwanatumu.

"Shangazi yangu. Aliniuliza mimi, nilipomzaa wa pili wangu. Nilishindwa kumjibu."

Daktari alibaki amesimama na viatu mkononi. "Mwaka mzima," akasema, "wataalamu wa nchi tisa tumebishana juu ya maswali kumi."

Mwanatumu alishinda na kulala kwa Kalekye. Mimi na daktari tulirudi katika nyumba tatu za wale arobaini na mmoja, bila karatasi, tukauliza swali la Mwanatumu. Katika moja mama alijibu upesi, akatuonyesha na masikio ya mtoto. Katika mbili hakukuwa na jibu. Jioni daktari alipiga simu hospitali ya Msambweni kumwombea Kalekye kitanda, akapewa, kisha akaniomba nimfikishie Mwanatumu mwaliko: kesho azungumze mbele ya wataalamu Matuga, gari litamfuata saa mbili.

Kesho yake asubuhi gari lilifika kwa Kalekye. Mwanatumu alimpandisha Kalekye kiti cha mbele, akapanda nyuma na mtoto mapajani pamoja na beseni lake, akamwambia dereva, "Matuga watangoja. Twende Msambweni."