Stempu za Pak Tarmuji

Bu Wening (kwao 'Bu' ni Mama, na 'Pak' ni Baba) alikaa miaka ishirini na miwili kwenye kamati ya zabuni za ujenzi wa wilaya, na hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole. Hata chai ya mkandarasi hakuinywa. Sifa hiyo aliipenda, tena kupita kiasi, na ndiyo iliyomponza.

Siku ya zabuni ya daraja la Kalisuren, bahasha ya Pak Tarmuji ilifunguliwa ya tatu. Mzee huyu ndiye aliyempa Wening kazi yake ya kwanza, ya kupanga mafaili, wakati hana mbele wala nyuma. Bei yake ilikuwa nzuri na michoro imekamilika. Lakini barua ya zabuni ilikuwa na sahihi na muhuri tu. Stempu ya ushuru wa serikali, ile inayouzwa posta, haikubandikwa.

"Lo, mzee kasahau stempu!" mwenyekiti alicheka. "Tumtoe? Kuna mwenye neno?"

Wening alikuwa nalo. Mwongozo ulikuwa mapajani mwake, na kifungu alikijua: kukosa stempu hakubatilishi barua, mzabuni huitwa akaibandika. Lakini wenzake walikuwa wakimtazama, maana wote walijua nani alimshika mkono. Akaufunga mwongozo.

"Sina," akasema.

Daraja akapewa mwingine, akalijenga vizuri tu. Pak Tarmuji, aliyeitegemea kazi ile ili mafundi wake wasitawanyike, aliuza mashine ya kuchanganyia zege, akafunga kampuni. Mwezi uliofuata alibisha hodi kwa Wening na wali wa kunata uliofungwa kwa majani ya mgomba.

"Pokea, binti yangu. Sasa sina zabuni, hawawezi kusema ni hongo!" Akacheka, kisha akainama. "Nimekuja kukuomba radhi. Nimekuaibisha mbele ya wenzako."

"Usiseme hivyo, Pak."

"Nisemeje? Mtu mzima na mvi zangu, stempu inanishinda!"

Hapo ndipo pa kumwambia. Wening akammiminia chai. Atamwambia siku ya Idi, alijipa moyo, watu wanapoombana radhi nyumba kwa nyumba. Idi ikafika, akamshika mzee mikono miwili, akasema kama kila mtu anavyosema: "Nisamehe makosa yangu yote." Hakutaja hata moja. Zikapita Idi tisa za namna hiyo.

Mzee alipofariki, mjane wake alimwita Wening, akampa kopo la biskuti. Ndani mlijaa stempu, karatasi nzima nzima, za toleo la zamani lililokwisha kuondolewa.

"Kila akienda posta ananunua," mjane alisema. "Namwambia, 'Wewe baba, kazi umeacha, za nini hizi?' Ananijibu, 'Wening asije akaaibika tena kwa ajili yangu.' Chukua mwanangu, huko ofisini zitafaa."

Wening alijua hazifai tena popote. Maneno ya miaka tisa yakamfika mpaka mdomoni.

"Zitafaa, mama," akasema, akaondoka na kopo.