Fundi Anayerudisha Kompyuta Nyumbani

Saa mbili asubuhi, Kitengela. Vumbi la malori ya mawe limeshaingia kwa Kuntai, chumba cha kompyuta nne kando ya barabara ya Namanga. Wilkister Ondiek anapangusa kioo, kisha anatazama chini pembeni, pale saa inapokaa. Hagusi kingine kabla ya hapo.

"Mgonjwa unamshika mkono kwanza," anasema. "Kompyuta, naangalia saa."

Fundi huyu, ambaye majirani humwita Mama Shirleen, ana miaka arobaini na mmoja. Alitoka Siaya mwaka 1996, akafulia watu nguo. Kompyuta alijifunza akipiga deki katika ofisi moja, akiuliza maswali mpaka wakamchoka. Leo hutengeneza tatu, nne kwa siku, shilingi mia mbili kila moja.

Jina lake lilivuma Februari, mwaka 2006.

Ilhan, binti wa Khadijo muuza maziwa ya ngamia, alituma maombi ya chuo cha uuguzi kwa barua pepe, hapa hapa kwa Kuntai. Mwisho ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana. Alituma saa tatu asubuhi. Chuo kikajibu: barua yako ni ya saa mbili usiku, umechelewa.

Khadijo alikuja moto, Ilhan nyuma yake. "Kuntai, umemmaliza mtoto wangu!"

"Mama Ilhan, saa iko sawa! Hii mashine ni mtumba, ilikuja ikiwa nyuma. Nikairekebisha na hii yangu ya mkono."

Wilkister, aliyekuwa hapo kazini, akafungua mipangilio ya mashine, akacheka. Alipoona macho ya Ilhan, akamgeukia mwenye mashine.

"Kuntai, umebadilisha saa, nchi ukaiacha. Hii inadhani bado iko Amerika, magharibi kabisa. Saa tatu asubuhi ya huko, huku kwetu ni saa mbili usiku."

"Sasa, Mama Shirleen?" Khadijo akauliza, sauti imeshuka.

Wilkister akapiga simu chuoni.

"Tunafuata saa ya barua," karani akasema.

"Hiyo ni ya aliyetuma, dada. Fungua mistari ya juu iliyofichwa. Mtambo wenu umeandika ulipokea lini?"

Vibonye vikasikika simuni. Khadijo akashika meza.

"Saa tatu na dakika mbili... asubuhi."

Ilhan sasa yuko mwaka wa kwanza. Kuntai hutaniwa kwamba alifika Amerika bila pasipoti.

Wilkister naye ana mpango: kila Jumamosi apite vyumba vya kompyuta, kuanzia hapa mpaka Kware, akague saa bure kabla vyuo havijafunga maombi.

"Mtoto akikosa chuo, ashindwe na mtihani," anasema, akiwasha mashine ya pili. "Asishindwe na saa."