Ndege ya Mabawa Mawili Juu ya Shamba la Mkonge

Kaka yangu alipopunguzwa kazi kwenye karakana ya reli, alihamia barazani kwangu Mabwerebwere na kukaa pale kutwa nzima akitazama njia. Mimi nilikuwa na cherehani na meza ya kukatia, nashona na kurekebisha nguo za mitumba. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa kwa kila mtu. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, marobota yanashushwa stesheni, na kila mgeni aliyeshuka Kilosa na begi zuri tulijiuliza moyoni huyu amekuja kununua nini. Maana vitu vilikuwa vinauzwa. Shamba la mkonge la jirani yetu lilikuwa limekufa siku nyingi, mkonge umegeuka pori, na wengi wetu tulilima humo kwa ruhusa ya mdomo tuliyopewa na meneja wa mwisho kabla hajaondoka. Mimi nilikuwa na ekari moja karibu na mto Mkondoa. Tulisikia shamba litauzwa. Litauzwa kwa nani, hakuna aliyejua.

Ndipo akaja bwana mmoja kutoka Dar es Salaam na sanduku lake. Lilikuwa refu kuliko mtu, na wapagazi walioliteremsha kwenye treni walisema ni jepesi kuliko linavyoonekana. Hilo peke yake liliwatia wasiwasi. Akaulizia fundi wa vyuma, akaelekezwa kwa kaka.

"Shikamoo, bwana," nilimwamkia, maana alikuwa mtu wa makamo, mvi zimeanza kumwingia.

"Marahaba, dada. Samahani kwa kukujazia baraza."

Alifungua sanduku mbele yetu. Ndani mlikuwa na ndege. Si ya kupanda mtu, lakini si ya mtoto kuchezea pia. Ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, yameshikiliwa na vijiti na nyaya nyembamba, na lile la juu lilipita urefu wa mikono yangu nikiinyoosha. Puani ilikuwa na injini ndogo ya mafuta. Alisema inaongozwa kwa rimoti kutoka chini, kwamba aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na kwamba kuirusha ndiyo starehe yake. Njiani bawa la chini lilichanika, mkia ukavunjika. Tena magurudumu yake yalikuwa madogo mno kwa majani ya huku kwetu.

Kaka aliinama akaigusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala. Tangu apunguzwe kazi sikuwa nimemwona na uso ule.

Kwa hiyo nilinyamaza. Lakini moyoni nilisema: mtu mzima hatoki Dar es Salaam na kitu kama hiki kuja kustarehe Kilosa.

Kazi ilianza. Mimi nilipewa mabawa na mkia. Nilibandua kitambaa kilichochanika, nikakata bitana nyepesi kutoka kwenye gauni la mtumba, nikaivuta juu ya mbavu za bawa na kuipaka vanishi iliyozimuliwa mpaka ikakakamaa kama ngozi ya ngoma. Kwenye mkia niliogopa usivunjike tena, nikatumia kitambaa kizito zaidi. Kaka alibadilisha magurudumu na kuimarisha miguu kwa waya wa chuma. Halafu yule bwana akamwomba kitu kingine: akate tundu tumboni, la mraba, na aliwekee kioo cha plastiki.

"Tundu la nini?" niliuliza.

"Dirisha la kuchungulia tangi la mafuta, dada."

Alipoondoka kwenda kula nilimtazama kaka.

"Tangi liko wapi?"

Kaka aliendelea kupiga tupa. "Liko mbele, nyuma ya injini."

"Basi amesema uongo."

"Sisi ni mafundi," alinijibu. "Mwenye mali akitaka dirisha, anawekewa dirisha."

Siku ya kwanza tuliirusha kwenye uwanja wa mpira, asubuhi kabla upepo haujaamka. Watu walijaa. Ndege ilikimbia majanini, ikaruka vizuri, kisha ikainua pua kana kwamba inataka kupanda mbinguni wima. Ikasimama hewani. Ikaanguka kwa bawa moja. Yule bwana aliiwahi kwa rimoti ikatua kwa kishindo, mguu mmoja ukapinda.

"Mkia mzito," alisema. Alinionyesha jinsi ya kupima: watu wawili wanaweka kidole kimoja kimoja chini ya bawa la juu, mmoja huku na mwingine kule, na kuinyanyua. Ikilala sawa, au ikainama pua kidogo, ni salama. Yetu ilikaa kama kuku anayetaga. Kitambaa changu kizito ndicho kilichofanya hivyo. Nilikibandua, nikaweka bitana, lakini bado haikutosha, maana kaka naye alikuwa ameongeza waya nyuma. Ikabidi kuweka uzito mbele. Kaka alikwenda gereji, akapewa vipande vya risasi vinavyotumika kusawazisha magurudumu ya magari, akaviyeyusha na kuvifunga puani, nyuma ya injini.

Mara ya pili haikuinua pua, ila kila mafuta yakiongezwa ilivuta kushoto na kupanda yenyewe. Yule bwana aligusa vijiti vidogo vya pembeni mwa rimoti, vile vya kuirekebisha polepole, mpaka vikafika mwisho. Akasema kijiti kikifika mwisho, kosa liko kwenye ndege yenyewe. Wakafungua injini, wakaweka washa nyembamba, vile vijipete vya chuma vya kukazia bolti, upande mmoja ili itazame chini kidogo na kulia kidogo. Kutwa nzima walifanya hivyo: kurusha, kutua, washa moja, kurusha tena. Nilimsikia kaka akiimba kwa pua. Hilo liliniumiza, kwa sababu wakati huohuo majirani walikuwa wameanza kunipita bila kuniamkia.

Mama mmoja niliyemshonea sare za wanawe aliniuliza kwenye bomba la maji, mbele ya wenzake: "Eti fundi, mmeanza kuuza ya nani?"

"Kuuza nini?"

"Mashamba. Hiyo ndege si ya kupimia?"

Mzee mmoja wa wafugaji, ambao ng'ombe wao walilishwa upande wa pili wa mkonge, naye alipita barazani. Alisimama, akaegemea fimbo yake, akaitazama ndege kwa muda mrefu. "Kitu kinachoangalia ng'ombe kutoka juu," alisema, "kesho kinarudi na mtu wa kuwahesabu." Wakulima na wafugaji hatukuwa tunapatana, lakini siku ile nilitaka kumwambia: hata mimi naogopa, mzee wangu.

Yule bwana naye aliona macho ya watu. Akasema majaribio ya mwisho tukayafanye Mikumi, kuna mbuga tambarare kando ya barabara na upepo mzuri. Nilimwambia kaka simwachi aende peke yake. Tukapanda lori la mbao, ndege imefungwa juu ya magunia, mimi nimeshika mkia usigonge.

Kule Mikumi alitoa kitu ambacho hatukuwahi kukiona: kamera. Akaipachika tumboni, jicho lake likatazama chini kupitia lile dirisha, na mota ndogo ikafungwa kamba ya kubofya kitufe. Alifanya hayo bila kututazama. Kaka aliacha kuimba. Hata hivyo aliinyanyua ndege kwa kidole, mimi upande wa pili, tukaona kamera imeivuta nyuma tena. Kaka akapunguza waya wa mkiani.

Ndege iliruka kama imezaliwa hewani. Ilienda sawa, bawa halitikisiki, mpaka pundamilia waliokuwa mbali wakainua vichwa. Ilipotua tulikuta askari watatu wa wanyamapori wamesimama nyuma yetu, bunduki mabegani.

"Hii ni ya kutafutia tembo?" mkubwa wao aliuliza.

"Hapana, afande," kaka alijibu haraka. "Tunairekebisha tu. Ilikuwa haikai sawa, tumeiwekea risasi puani."

Askari wote watatu walirudi nyuma hatua moja. "Risasi gani?"

"Risasi ya gereji!" nilipiga kelele. "Madini! Ya kusawazishia tairi!"

Ilituchukua muda kueleweka. Walifungua pua kwa bisibisi ya kaka, wakapima kile kipande mkononi, wakakinusa. Kisha wakatupeleka kituoni kwao na kuikalisha ndege juu ya meza. Kamera ilifunguliwa. Haikuwa na filamu. Safari ile ilikuwa ya kujaribu uzito tu. Mkubwa wao akamgeukia yule bwana.

"Mtu haweki kamera tumboni mwa ndege kwa ajili ya pundamilia. Nani kakutuma?"

Yule bwana alivua miwani akaifuta. Alisema ametumwa na kampuni moja ya Dar es Salaam inayotaka kununua shamba la mkonge la Kilosa. Wanataka picha za kuonyesha kwamba ardhi ni pori, haina watu. Wamemtuma kiangazi kwa sababu mahindi yamekwisha kuvunwa na mabua yamechomwa. Ukitazama kutoka juu, huoni kitu.

Kumbe nilichokuwa nakihofia nilikuwa nakishonea mabawa.

Askari walituachia jioni, wakamwonya asirudi na mdudu wake karibu na hifadhi. Tulilala kwa ndugu yetu mmoja pale Mikumi, na asubuhi tukapanda gari la kurudi. Kaka alikaa amegeuzia uso wake porini. Nilikaa karibu na yule bwana.

"Utaipiga hiyo picha?" nilimuuliza.

"Nisipoipiga mimi, watatuma mwingine. Dada, mimi nina watoto."

"Wote tuna watoto."

Gari lilipita madaraja mawili ndipo wazo likanijia, na sikulipamba.

"Piga basi. Lakini utapiga siku tutakayosema sisi, na sisi tukiwemo. Na utatupa nakala."

"Na nikikataa?"

Kaka akageuka kwa mara ya kwanza. "Rimoti ni yako," alimwambia. "Lakini usiku huu nitatoa kila nilichokiweka, washa zangu na risasi yangu, na dada atabandua bitana yake. Utaondoka na ndege kama ulivyokuja nayo."

Yule bwana alicheka kidogo, bila furaha. "Nikikubali, mtaniamini?"

"Hapana," nilisema.

Alikubali. Mpaka leo sijui kwa nini. Kaka anasema ni kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Mimi nadhani ni kwa sababu hakuweza kuvumilia ndege ile kurudi kuwa mbovu.

Kuwashawishi watu kulikuwa kugumu kuliko kumshawishi yeye. Wengine walisema ni mtego, tutajipanga wenyewe tuhesabiwe na kufukuzwa. Nikawaambia siwezi kuwahakikishia kitu, ila shamba lisilo na mtu kwenye picha litaitwa pori. Nilimfuata hata yule mzee wa wafugaji, nikamwamkia, nikamweleza. Aliniuliza kama na wakulima watakuwepo. Nikasema ndiyo. Akasema atakuja, ili na yeye awaone.

Asubuhi ya siku yenyewe watu walitandaza kila kitu cheupe walichokuwa nacho kwenye mipaka ya mashamba yao: shuka, vitambaa vya meza, vyandarua, marobota yangu mazima ya mashati. Ardhi nyeusi ya mabua yaliyoungua ikawa kama daftari la mistari. Watu walisimama katikati ya ekari zao na watoto na majembe. Kule ng'ambo wafugaji walikuwa wamekusanya ng'ombe, shuka zao nyekundu zinaonekana mbali. Ndege ilipaa kutoka kwenye barabara ya trekta. Ilipita juu ya kichwa changu bila kuyumba, nikaiona bitana yangu iking'aa juani, na ingawa nilimchukia mwenye ndege, niliipenda ile ndege. Ilikwenda kando ya mto, ikarudi kupitia malishoni, ikamalizia mashamba ya juu karibu na njia ya reli.

Aliondoka na treni ya kesho yake. Watu waliniambia tumeliwa.

Bahasha ilifika baada ya miezi kadhaa, ikaletwa na mfanyakazi wa treni. Ndani mlikuwa na picha za mashamba ya mtoni, kila kitambaa kinaonekana, na picha za malisho zenye ng'ombe. Tulizipeleka kwenye mkutano wa wilaya shamba lilipokuwa linagawanywa. Tulibishana, wakubwa wakazipitisha mkono kwa mkono, na mwishowe ukanda wa mto ukaachwa kwa wakulima na sehemu ya malisho ikabaki malisho. Ekari yangu nimeilima mpaka nywele zimeanza kuwa nyeupe.

Picha za mashamba ya juu hazikuwemo. Nilikung'uta bahasha, nikaichana pande zote. Kaka alisema filamu iliisha, au kamba ya kamera ilikwama. Huenda. Lakini kipande kile ndicho kilikuwa kizuri kuliko vyote, karibu na reli, na ndicho mnunuzi alichokipata bila ubishi.

Waliokuwa wakikilima walitawanyika, baadhi wakaenda kuanza upya Kidete. Miaka mingi baadaye nilikwenda huko kwenye msiba, mama mmoja wa familia zile akanipokea vizuri, akanipa kiti na maji ya kunywa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile picha yao ninayo bado, nimeiweka wapi.

"Sikuipata, mama," nilimwambia. "Haki ya Mungu, sikuipata."

Akasema, "Haya," akarudi jikoni kuwasaidia wenzake kuchambua mchele.