Orodha Niliyoapa Kutoionyesha

Mkwe wangu alinipigia simu asubuhi, rozari ikiwa bado mkononi mwangu. Hakunisalimu. Alisema binti yangu ameanza kutokwa na damu, kwamba kondo la nyuma limeshuka na kumzibia mtoto njia, na kwamba daktari atampasua siku hiyo hiyo. Damu yake ni O negatifu. Katika friji ya hospitali hapakuwa na hata mfuko mmoja wa aina hiyo.

"Papa, daktari anasema tulete bantu babili, ata moya," alisema. "Mbele ya kengele ya midi. Kisha hapo atapasua na kile iko nacho."

Watu wawili, au hata mmoja, kabla ya kengele ya saa sita mchana. Nilielewa kwamba alichokuwa nacho daktari ni mikono yake tu.

"Usiogope," nikamjibu. "Niko na batatu."

Sikuwa nasema uongo. Katika orodha yangu walikuwemo watatu. Lakini orodha ilikuwa ndani ya kompyuta, na tangu Jumapili programu ya majedwali ilikuwa inafunguka na kufa mbele ya macho yangu.

Nieleze kwa nini orodha hiyo haikuwa mahali pengine. Nimekuwa katekista katika parokia yetu ya Lubumbashi kwa miaka mingi, na miguu ilipochoka paroko alinipa kazi ya kukaa: kuandika watu wa mashirika yetu yote, yaani zile jumuiya ndogo za sala za kila mtaa, walio tayari kutoa damu mgonjwa akiihitaji. Watu walikubali kwa woga. Mjini kwetu, mwenye damu adimu hapendi ijulikane. Wanasema mtu wa namna hiyo huwindwa, kwamba damu yake hupelekwa kwa waganga, kwamba hata ndugu wa tumbo moja anaweza kumuuza. Siudharau woga huo, maana nimekaa na watu hawa tangu utoto, na baba zetu walifanya kazi pamoja kwenye reli. Kwa hiyo waliniwekea sharti. Jumapili moja baada ya misa niliweka mkono juu ya Injili, nikaapa mbele yao kwamba orodha itakaa katika mashine moja tu, bila nakala, bila kuchapishwa, na haitaonwa na jicho jingine ila langu. Vile vikaratasi vya maabara walivyoniletea, vyenye aina ya damu ya kila mmoja, nilivichoma nyuma ya sakristia, katika lile debe ambalo kila mwaka tunachomea matawi makavu kupata majivu ya Kwaresima. Walisimama wakatazama mpaka moshi ukaisha. Siku ile nilijisikia mtu mwaminifu sana.

Mashine yenyewe niliinunua kwa mfanyabiashara aliyeipitisha mpaka wa Mokambo kutoka Zambia. Ilisema Kiingereza. Mimi mapadre walinifundisha kusoma kwa Kifaransa, na Kilatini kidogo cha kuimba. Kiingereza sikijui. Nilizoea kubonyeza kwa kukumbuka mahali vitufe vilipo, kama mtu anayetembea nyumbani kwake gizani.

Asubuhi ile niliifungua mara kumi na moja. Ukurasa mweupe unatokea, kidirisha chenye maneno ya Kiingereza kinatokea, halafu vyote vinatoweka. Mara ya kumi na moja nilitambua kwamba naiomba mashine kwa maneno ninayomwomba Mungu, nikaona aibu. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaenda nayo sekretariati.

Sekretariati ni chumba cha pembeni mwa barabara, chenye mashine ya fotokopi, ambapo watu huandikiwa barua na wanafunzi wa chuo kikuu huchapishiwa kazi zao. Mwenye chumba hicho ni mama wa makamo, ambaye babu zake walitoka Kasai. Si wa parokia yetu. Anasali katika kanisa la uamsho. Mtaa mzima unamjua kwa mambo mawili, mikono yake juu ya kompyuta na ulimi wake.

"Papa katekista," alisema. "Leo unaniletea mahubiri gani? Ile ya mwisho ilinimalizia wino."

"Mama, nitengenezee hii. Lakini usiangalie mu ndani."

Akacheka. "Ni kama mugonjwa anamwambia daktari, unipasue lakini ufunge macho."

Nikasikia lile neno kupasua. Nikatafuta kiti.

"Iko nini mu ndani?" aliuliza.

Wanafunzi wawili walikuwa wamesimama pale wakingoja fotokopi. "Majina ya watoto waliobatizwa," nikasema.

Alitazama jinsi nilivyoikumbatia mashine. "Majina ya batoto njo unakumbatia hivi?" Kisha akawageukia wanafunzi: "Mweye, muende munywe chai. Murudi kisha." Akausukuma mlango nusu. Nikamwambia ukweli wote, haraka, kama mtu anayeungama huku nyuma yake watu wamepanga mstari.

Hakucheka tena. "Tuko na wakati gani?"

"Mpaka kengele."

Aliiwasha mashine. Alishikilia kitufe kimoja cha pembeni kwenye klavye, ule ubao wa vitufe, na huku amekishikilia akaibonyeza ile programu. Ilifunguka. Nikangoja ife. Haikufa.

"Hii ni kuiamusha bila mizigo," alisema. "Unaona? Programu yenyewe iko muzima. Kuna kitu uliipandisha ku mugongo. Uliongeza nini?"

Nikakumbuka. Jumapili alfajiri, kabla ya misa, nilikuwa nimeingiza kalenda ya kanisa aliyonitumia katekista mwenzangu kwa simu. Inajishikiza kwenye programu na kuonyesha rangi ya kanzu ya kila Jumapili. Nilimwambia. Akatafuta katika orodha ya viongezo, akaitoa.

"Kijani na zambarau njo ilitaka kukuulia programu, papa. Ile yetu ku uamsho, pasta anavaa tu kostimu na tai."

Nisingeweza kucheka hata kwa kulipwa. Alilibonyeza jedwali langu, mashine ikasema limeharibika. Akaiagiza ilifungue na kulitengeneza, kukatokea mstari mwembamba uliokuwa ukijaa polepole. Nilianza Salamu Maria. Nilipofika ya tatu, jedwali lilifunguka, na hapo hapo mama yule akanigeuzia mashine, naye akageuza kiti chake akatazama ukuta.

"Kiapo yako iko palepale," alisema. "Soma."

Nikasoma, na damu yangu ikawa maji. Katika safu ya simu, watu wote walikuwa na namba moja: mbili, nukta, arobaini na tatu, kisha herufi E na kumi na moja. Mwimbaji wa kwaya, mwalimu, mjane wa karibu na kisima, wote namba hiyo hiyo.

"Mama, imekula namba zote. Imebakiza moja."

"Iko na E mu kati?" aliuliza, uso bado ukutani.

"Ndiyo."

"Haikukula kitu. Unaandikaka namba na ile mbili-ine-tatu ya inchi yetu mbele, sivyo? Ilipotengenezwa, programu inazani ni hesabu kubwa, inaikunja. Bonyeza ile herufi ya juu ya safu, na kitufe ya kuume."

Nilibonyeza. Kidole kiliteleza, safu nzima ikatoweka.

"Papa, nigeuke?"

"Hapana."

Akanifundisha namna ya kuirudisha. Ilirudi. Nikajaribu tena, nikapotea katika maneno ya Kiingereza. Saa ya ukutani, mbele ya macho yake, ilikuwa ikitembea.

"Papa," alisema kwa sauti ya chini, "nigeuke?"

Niliona lile debe la majivu na watu waliosimama kulizunguka. Nikamwona pia binti yangu akiwa na miaka minne, ameshika ncha ya koti langu kanisani.

"Geuka," nikasema.

Aligeuka. Mibonyezo miwili, na namba zikanyooka, kila mtu na yake. Akachuja jedwali libakize O negatifu tu. Majina matatu. Nilimpigia wa kwanza huku nikimshukuru Mungu kwa sauti.

"Mie, papa katekista?" yule bwana alijibu. "Mie iko A. Wewe mwenyewe ulinisomeaka karatasi, ukasema A ya Adamu. Bibi yangu ananiitaka Adamu mpaka leo."

Nilimwomba radhi, nikakata. Nikamwambia mama atafute jina langu. Damu yangu ni B chanya. Mbele ya jina langu paliandikwa A.

Alipitisha kidole kwenye safu ya damu. Kisha aliniuliza nilifanya nini tena Jumapili. Nikasema kwamba baada ya misa ya pili programu ilitulia kidogo, nikachagua safu za majina na simu, nikayapanga majina kwa alfabeti ili niyapate upesi. Mashine iliniuliza kitu kwa Kiingereza, ikanipa vitufe viwili vya kuchagua. Nilichagua kimoja. Nikahifadhi.

Alifumba macho. "Ilikuuliza kama safu zingine zifuate majina. Ulisema hapana. Majina na simu ilienda, damu ilibakia."

Basi halikuwa kosa la mashine. Lilikuwa langu. Watu zaidi ya mia, na kila mmoja nimempa damu ya mwenzake, na karatasi za kunisahihisha nilizichoma kwa mkono wangu. Nimeogopa mara nyingi maishani, vita imepita kwetu, lakini hofu ile ilikuwa nyingine, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumwogopa ila mimi.

Simu ililia. Mkwe wangu. "Bamemuingiza mu chumba ya kupasulia. Bale bantu beko mu njia?"

"Beko," nikasema. Ulikuwa uongo wangu wa pili asubuhi ile.

Mama alikuwa ameshaanza kubonyeza. "Siku ya Yenga, Jumapili ile, mbele ya misa, programu ilikufa?"

"Mara mbili. Nilipokwisha kuweka ile kalenda tu."

"Jedwali ilikuwa wazi?"

"Ndiyo, nilikuwa naongeza jina."

"Basi ngoja. Ikikufa gafula inaachaka kopi. Inaificha mbali, lakini inaiacha."

Aliingia katika kabati la mashine ambalo sikujua lipo, folda ndani ya folda. Zikatokea faili nne zenye majina ya ajabu, kila moja na siku na saa yake. Ya kwanza ilikuwa ya Jumapili, mapema, wakati mimi bado sijavaa viatu vya kwenda misa. Akaifungua.

"Wewe?"

Nikatafuta jina langu. B chanya. Sikuamini, nikatafuta la bibi mmoja tuliyemzika kabla ya Noeli, ambaye sikuwa na moyo wa kumfuta. Huyo alikuwa AB, na alikuwa akitutania kwamba yeye peke yake ana herufi mbili kama mtu aliyesoma. AB. Nikafunika uso kwa kitambaa cha mashine.

"Utalia kisha," alisema mama. "Piga simu."

Majina yalikuwa mengine matatu. Wa kwanza, simu yake imezimwa. Wa pili, mama anayeuza samaki wakavu, alikuwa ndani ya gari kuelekea Kasomeno, mbali na mji. Alinisikiliza, kisha nikamsikia akimwambia dereva, "Unishushe hapa," na dereva akilalamika. Wa tatu alikuwa mwenye teksi, hapa hapa mjini. Alikuja kunichukua mlangoni pa sekretariati.

Tulipokaribia hospitali aliuliza, "Papa, nani mwengine aliona jina yangu?"

Nilikuwa nimekwisha kudanganya mara mbili, na ya tatu ilikuwa tayari mdomoni. Niliogopa kwamba nikisema ukweli atasimamisha gari.

"Yule mama wa sekretariati," nikasema.

Aliendelea kuendesha. Kengele ya midi, ile ya sala ya Malaika wa Bwana, ilitukuta kwenye korido, yeye amekaa, mkono wake umenyooshwa, kifuko kinajaa. Sikuweza kukumbuka maneno ya sala ninayoisali tangu utoto. Nilibaki kutazama kifuko.

Mtoto ni msichana. Mama yake alikuwa mweupe kama shuka, lakini alinitambua. Jioni aliingia yule mama wa samaki, vumbi mpaka kwenye nyusi na kapu lake kichwani, akatoa kifuko cha pili. Namshukuru Mungu kwa wote wawili, na kwa mama wa sekretariati, na hata kwa ile programu iliyokufa mara mbili kabla ya misa.

Jumapili iliyofuata niliwakusanya watu wa orodha nikawaambia yote, kiapo nilichovunja na yule niliyemwonyesha. Wachache waliomba waondolewe. Mwenye teksi hakuja, ila siku ya pili yake alifika nyumbani kwangu, akasema anataka kuona kwa macho yake jina lake likifutwa.

Nikawasha mashine. Nilifuta mstari wake mbele yake, nikahifadhi.

"Na zile kopi inafichaka?" aliuliza. Walikuwa wamemsimulia vizuri.

Tukazitafuta pamoja. Ilinichukua muda mrefu, na yeye hakunihimiza. Tulizifuta moja baada ya nyingine mpaka folda ikabaki tupu. Alichukua funguo zake mezani, akasimama.

"Namba yangu uko nayo mu kichwa?"

"Ndiyo," nikasema.

Alizungusha funguo kidoleni. "Ile siwezi kukuomba ufute. Ikikuwa juu ya damu ya yule mutoto, uniite."

Alienda zake. Tangu siku hiyo, kila asubuhi nikimaliza rozari naitaja namba yake kwa sauti ndogo, tarakimu moja moja, kisha naitaja tena, maana naogopa isije ikanipotea.