Kahawa ya Marcelline Labounty

Marcelline Labounty alikuwa mpishi wa shule yetu hadi alipostaafu, na hata baada ya hapo hakuna aliyethubutu kugusa birika kubwa la kahawa siku ya mkutano wa mji. Kila Machi sisi watu wa bonde hili la Vermont tunajazana ukumbini, tunaamua mambo ya barabara na shule kwa kunyoosha mikono, kisha tunakula. Kahawa ilikuwa yake.

Nyumba yake iko chini ya barabara ya kilimani. Majira ya baridi lori la mji lilipita likimwaga chumvi ili kuyeyusha barafu, na maji yote yakateremkia kwake. Kwanza ilikauka miti ya sukari kando ya barabara, ile ya utomvu mtamu aliyokuwa akiigema tangu aolewe. Kisha mabomba ya jikoni yakaliwa na kutu. Halafu presha ya mumewe, Royce, ikapanda. Daktari alimkataza chumvi. Marcelline akampikia maharage ya kuchemsha tu, na presha ikabaki palepale. Maji ya kisima chao, yaliyoingia bombani, yalipopimwa yakakutwa na chumvi, ndipo wakaelewa. Tangu hapo alibeba maji ya kunywa kwa madumu kutoka kwa dada yake.

Mara mbili aliomba mkutanoni barabara yake iwekwe mchanga badala ya chumvi. Mara mbili alishindwa. Aliyempinga ni Delwin Pike, msimamizi wa barabara, naye hakuwa mtu mbaya.

"Mama Labounty, basi la watoto likiteleza pale mteremkoni, utakuja kulivuta wewe?"

Watu wakacheka, wakapigia kura chumvi.

Mwaka uliofuata alipika kahawa kwa maji ya kisima chake. Delwin alikuwa wa kwanza kunywa. Akakunja uso.

"Marcelline! Uzee umekufikisha huku? Umetia chumvi ukidhani sukari!"

"Sijatia kitu."

"Hii si kahawa, ni supu!" mwingine akadakia.

"Ni maji ya bomba langu, yalivyo. Nyinyi mmepiga funda moja tu mnapiga kelele. Royce aliyanywa miaka."

Kisha Althea Stannard, jirani yao wa chini, akauliza taratibu, "Na kisima changu je?"

"Kapime, jirani. Mteremko ni huohuo."

Delwin akapiga funda la pili, kama mtu anayetaka kuhakikisha. Akasimama.

"Niachieni mteremko. Pale nitachanganya mchanga na chumvi kidogo. Kwingine kote mchanga mtupu. Lakini mtaendesha polepole, na nisisikie mtu analalamika kachelewa kazini."

"Hata mkeo?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Huyo hasa!"

Kura ikaitwa. Mikono ikanyanyuka ukumbi mzima, isipokuwa wa Royce, aliyekuwa akijipangusa macho.

"Nyoosha mkono, mzee," Marcelline akamfokea, "usinipotezee kura!"

Basi la watoto halikuteleza majira yale. Kisima hakikupona upesi, maana chumvi hutoka ardhini polepole. Lakini baada ya misimu michache ya baridi vipimo vilirudi safi. Royce akajaza glasi bombani, akainywa yote amesimama, akajaza nyingine.

Mchana ule Marcelline alitupigia simu majirani wote, mmoja baada ya mwingine, kutuambia kwamba maji yake hayana ladha yoyote.