Mama Nukta, Dereva wa Mitungi ya Hewa

Mwanamke huyu alifundishwa udereva na kaka yake kwenye machimbo ya kokoto, kwa matusi na makofi ya kisogoni. Ndiyo maana alikuwa na mkono mzito, na mdomo mzito zaidi. Kondakta mmoja aliyemwita kikongwe aliondoka na jino lake mkononi. Mumewe, ambaye watu walimwita Mabega kwa sababu ya kazi yake, alikuwa akisema, "Mimi sikuoa. Nilitekwa."

Aliyecheka zaidi ni mke mwenyewe.

Kazi yao ilikuwa moja. Mke anaendesha pikapu, mume anabeba. Walipeleka mitungi ya oksijeni kwa wagonjwa wa mapafu waliorudishwa na hospitali wakauguzwe nyumbani. Mtungi ni chuma. Ukikudondokea mguuni, mguu si wako tena. Mabega aliupandisha begani ngazi kwa ngazi, akifika juu anaufungua kwa ufunguo uliokuwa ukining'inia kiunoni mwake.

Mitaa yenyewe haikuwa na majina wala namba. Nyumba imepachikwa juu ya nyumba, kichochoro kinazaa kichochoro. Mgonjwa anaweza kukata roho huku dereva anauliza njia. Ikatokea kweli. Walifika wakakuta wanawake wanalia, na Mabega akashusha mtungi chini asijue aupeleke wapi. Kesho yake mke alikwenda kwa fundi redio akarudi na kompyuta ya kiganjani, kuukuu, inayokunjika kama kasha la miwani, kioo chake cha kijivu kisichojua rangi. Pamoja nayo kulikuwa na kipokezi cha GPS, kidude cheusi chenye sumaku. Unakigandisha juu ya paa la gari, waya unaingia dirishani.

"Mashine hii imewazidi watoto wetu umri," Mabega alisema.

"Na wewe je? Mbona bado nakutumia?"

Ramani iliyokuja nayo ilikuwa ya barabara kuu na mto, basi. Vichochoro alivichora mwenyewe. Gari likienda, mstari unajichora nyuma ya mshale. Wakifika mlangoni anasubiri setilaiti zipatikane, anagusa kioo kwa kijiti, anaandika jina. Nukta. Mlango mwingine, nukta. Ndipo wakamwita Mama Nukta. Kati ya kuta ndefu mashine ilipoteza mbingu, ikawaonyesha wako katikati ya mto. "Tumezama, mzee," alikuwa akisema bila kucheka. "Piga mbizi."

Mabega hakujua kusoma. Yeye njia alizishika kwa miguu.

Sasa, sokoni kulikuwa na mtu anaitwa Nondo. Alitoza wauza mboga ulinzi, na aliyewashambulia alikuwa yeye yeye. Siku moja alimpiga mchuuzi wa nyanya mpaka akafa, mchana kweupe, nyanya zikasagika pamoja na damu hata usijue kipi ni kipi. Soko zima liliangalia chini. Fundi cherehani peke yake ndiye aliyesema, "Mimi nimeona, na mahakamani nitasema." Vijana wa Nondo wakampiga risasi ya kifua. Risasi ikapita kwenye pafu, ikatokea mgongoni. Hakufa. Dada yake akamficha katika chumba cha juu kabisa, mbali na soko, na kilichokuwa kikimweka hai ni mtungi.

"Nyumba hii usiitie nukta," Mabega alimwambia mkewe.

"Nikiugua, nani atamletea hewa?"

"Mimi."

"Utaendesha kwa mabega?"

Akaitia.

Asubuhi waliyokamatwa walikuwa na mitungi miwili nyuma. Mmoja wa fundi, na ule uliokuwa chumbani kwake ulikuwa karibu kwisha. Walipokata kona wakakuta tairi linawaka katikati ya barabara, na vijana wa Nondo wamesimama pande zote. Nyuma yao gari jingine likaziba njia.

Mama Nukta hakupiga kelele. Aliifunika mashine kwa gauni, akafungua mgongo wake kwa ukucha. Mashine ile ilikumbuka kwa nguvu ya betri tu. Ukitoa betri kubwa, kuna kibetri kama kifungo cha shati kinachoshikilia kumbukumbu. Ukitoa na hicho, inasahau kila kitu. Zile kubwa alizitupa chini ya kiti. Kile kidogo alikidondosha kwenye tundu la sakafu lililoliwa na kutu.

Mlango ukafunguliwa, akavutwa kwa nywele.

"Mama, sisi na wewe hatuna ugomvi," Nondo alisema. Alikuwa na chuma kirefu mkononi, amekiegemea kama fimbo ya uzee. "Tuonyeshe nukta ya fundi cherehani, uende zako."

"Kama hamna ugomvi, ondoeni tairi lenu. Mnaniongezea wateja."

Kijana mmoja alicheka. Nondo akampiga kofi huyo kijana kwanza, kisha akampiga Mama Nukta. Walichukua mashine, wakatia betri za tochi. Kioo kikawaka. Kijana akasoma, akakunja uso.

"Inauliza leo ni tarehe ngapi."

"Nukta ziko wapi?"

"Hamna. Ni tupu kama imetoka dukani."

Nondo akaikunja mashine taratibu, akampiga nayo Mama Nukta mdomoni. Ikavunjika. Meno pia. Akampiga nayo tena, vipande vikabaki mkononi mwake. Mama Nukta alitema damu, akaangalia vile vipande.

"Mjinga wewe. Zile zimeisha duniani."

Mabega alikuwa ameshikwa na vijana wawili. Nondo akamgeukia, akatikisa kichwa kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Lakini mtungi nani anaubeba mpaka chumbani? Mzee, ramani ni wewe."

"Huyu?" Mama Nukta akadakia, na damu mdomoni. "Huyu hajui hata kusoma jina lake. Nikimwacha sokoni anarudishwa nyumbani na mbuzi. Mnamwuliza njia huyu?"

Vijana wakacheka. Mabega akajua mkewe anamtukana ili amwokoe, na akainamisha kichwa kama mpumbavu.

Nondo hakucheka. Aliinua chuma, akakishusha juu ya mkono wa kushoto wa Mama Nukta. Mfupa ulilia kama ukuni mkavu. "Wapi?" Alikuwa anamwuliza Mabega. Wakamwangusha mke, wakampiga mateke ya tumbo, mmoja baada ya mwingine, kwa zamu, kama watu wanaotwanga. "Wapi, mzee?" Mama Nukta hakulia. Alimwangalia mumewe, akatikisa kichwa mara moja. Hapana.

Teke lingine. Kitu ndani yake kikatoa sauti isiyo ya mtu.

"Basi!" Mabega akasema. "Nitawapeleka. Ila mtungi lazima niubebe. Dada yake hafungui mlango bila kuona mtungi."

Wakamwachia. Alipanda nyuma ya pikapu, akatwaa mtungi mmoja begani, akashuka nao. Njia ya kuwafikia vijana ilipita kando ya tairi. Nondo alikuwa ameshavuka upande wa pili wa moto, anangoja. Mabega akautua mtungi chini, akaulaza, mdomo ukielekea kwenye tairi.

"Nini tena?"

"Bega, mwanangu. Uzee."

Akachomoa ufunguo, akaupachika, akauzungusha mpaka mwisho.

Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini moto ukiionja unaingiwa na wazimu. Hewa ilitoka kwa mlio wa kupasua masikio. Tairi likageuka jeupe, likaruka vipande vipande, lami na waya na raba inayochuruzika. Nondo alikuwa na shati, mara hana shati, ana moto. Alikimbia akipiga mayowe, na kila alipokimbia moto ukapata upepo. Mwingine alijishika macho. Waliobaki walitawanyika. Mabega aliushikilia mtungi kwa mikono yote miwili mpaka baridi ya hewa inayotoka ikaigandisha ngozi kwenye chuma, na alipoitoa ngozi ilibaki.

Akambeba mkewe, akamweka kwenye usukani.

"Siwezi gia," mke alisema. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unaning'inia.

"Nitatia mimi."

"Hujui."

"Sema."

Wakaondoka hivyo, yeye anashika usukani kwa mkono mmoja, mume anasukuma gia kwa kiganja kisicho na ngozi. "Mbili! Mbili, mzee, hiyo ni nne, unataka kuniulia injini?" Kijana mmoja alining'inia dirishani na kisu. Akamchoma Mabega pajani. Mama Nukta akalisogeza gari ukutani, wakasikia anakwanguka, kisha hayupo.

"Hospitali," Mabega alisema.

"Fundi."

"Mke wangu, tumbo lako limevimba."

"Mtungi wake umekwisha saa hii. Wapi? Kulia?"

Mabega alikuwa akilitazama lile tumbo.

"Mzee! Kulia?"

"Kushoto," akasema. "Penye mfereji uliobomoka. Halafu kulia, penye mlango wa chuma. Panda."

Gari likasimama chini ya ngazi.

"Mpelekee kwanza," alimwambia. "Mimi napumua mwenyewe."

Mabega alitaka kumbishia. Hakuwahi kumshinda. Akauchukua mtungi uliobaki, damu ya paja ikijaa kwenye kiatu, akapanda. Ngazi ziliteleza kwa damu yake mwenyewe. Dada wa fundi alifungua akapiga ukelele alipomwona. Fundi alikuwa kitandani, midomo ya buluu, macho yamegeuka. Mabega akapachika mrija, akazungusha ufunguo, akamshikia barakoa usoni. Hakukaa kuona. Akashuka.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Mama Nukta ameegemea dirisha, mkono wake mzima juu ya usukani. Alimwita. Akamwita tena, safari hii kwa jina lake la usichanani, ambalo hakuwa amelitumia tangu wapate watoto. Akaingiza mkono, akazima gari.

Juu dirisha likafunguliwa. Dada wa fundi alikuwa analia na kucheka.

"Baba! Anapumua! Anapumua, baba!"

"Haya," Mabega akaitika.