Nguzo Ndefu, Shimo Fupi

Mwaka 1953, nikiwa na miaka kumi na tisa, ndipo shida iliponishika mkono, na mpaka leo haijauachia wote. Shule niliichungulia tu mlangoni. Haya ninayokuambia, mwanangu, nimeyasomea barabarani.

Nakuandikia wewe uliyekuja karakanani kwangu juzi na gari umelishusha mpaka linagusa majani, ukataka nikuwekee zile pete za chuma nyuma ya magurudumu, yatokeze nje. Mnaziita spesa. Nilikufukuza bila kukupa sababu, nawe ukaondoka ukisema mzee amechoka. Sijachoka. Kaa usome.

Kaka yangu Hoza alikuwa na gari kuukuu alilolinunua kwa mzungu mmoja wa shamba aliyekuwa akirudi kwao. Akina mama wa Soni walilipanda kuteremsha kabichi na karoti mpaka stesheni ya Mombo. Mizigo ikijaa juu, gari liliyumba kwenye zile kona zinazotazama mto, na abiria walishuka wamekaukiwa mate. "Gari lako lina kiuno, Hoza," walimtania. "Tafuta ngoma ulichezeshe." Kaka alikuwa mtu wa sifa. Utani ule ulimchoma.

Basi akapunguza springi, gari likalala chini kama bata. Kumbe sasa tairi za nyuma zinasugua madigadi. Tukakata mabamba ya chuma, tukayatoboa, tukayapachika kati ya kitovu cha ekseli na gurudumu, tairi zikatoka nje. Gari fupi, limetanua miguu. Nani wa kulitania tena? Lakini bolti zilibaki zilezile. Bamba lilikuwa limekula urefu wake, nati ikang'ata ncha tu. Ukiona vyaelea, mwanangu, vimeundwa, na aliyeunda alipima.

Baba yetu alikuwa mkulima, na pia msimamishaji wa nyumba za miti. Usukani hakuwahi kuushika. Alipita, tukamwamkia, akachuchumaa kando ya gurudumu, akalitazama.

"Hoza," akasema, "nguzo ukiirefusha juu, urefushe na shimo. Hii mmeivuta nje. Ndani imeshika nini?"

"Baba, gari si banda."

"Upepo hauulizi."

Tukacheka. Ndiyo, nami nilicheka, na spana ninayo mkononi.

Sasa sikiliza neno la kwetu. Nyumbani kwetu kitu kipya cha mtoto hufunguliwa na mzazi. Ukijenga nyumba, baba hulala humo kwanza. Ukipata ng'ombe, mama hukamua kwanza. Mzazi akikataa, watu husema amemnyima mtoto radhi, na hakuna wa kukaa naye jirani. Kaka alikuwa amelitengeneza gari upya. Asubuhi ya gulio akasimama mbele ya baba, mbele ya akina mama wote na makapu yao, akamwomba apande kwanza.

Baba akaliangalia lile gurudumu. Akaniangalia mimi. Akavua kofia, akaivaa tena, akapanda mbele. Nikapanda nyuma. Akina mama wakapiga vigelegele, wakabaki kungoja zamu yao. Namshukuru Mungu walibaki.

Tulipita kona za kwanza vizuri, gari limetulia kweli. Hoza akawa anaimba. Mara nikaona gurudumu linatupita kulia, peke yake, linakimbia mbele yetu kama mbuzi aliyekatika kamba.

"La nani lile?" kaka akauliza, bado anacheka.

Lilikuwa letu. Kabla sijajibu, nyuma ikadondoka, gari likajiburuza, likazunguka, mlango wa baba ukafunguka. Gari lilisimama kwenye ukingo. Baba hakusimama nalo.

Nilimkuta chini kwenye mawe. Alikuwa bado na pumzi. Hakuuliza juu ya bolti. Alisema, "Mwambie kakako nilipanda kwa hiari yangu. Radhi anayo." Hakusema tena.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo, mwanangu. Sisi hatukukwaruzika sana. Aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Nilimpa kaka ule ujumbe. Afadhali angetukanwa. Alihamia Magoma, akalima mahindi, na hakupanda gari tena mpaka alipozikwa. Kila alipokuja kaburini kwa baba alipanda mlima kwa miguu, na wenye magari waliomjua hawakusimama kumwita. Mimi nilienda kuosha vyuma kwa fundi mmoja wa Mombo, nikajifunza alichokijua baba bila kufundishwa.

Nasaha yangu ni hii. Unachokitokeza nje, kwanza ukipe mizizi ndani. Kama bolti haitoshi, usiweke kitu. Mkubwa akikuonya, usimlazimishe akupe radhi kwa mwili wake, maana mzazi atapanda. Anajua, na atapanda.

Mungu akulinde kwenye kona, akupe baba wa kumsikiliza angali hai, na watoto watakaokusikiliza wewe.

Leo nina karakana hii ya Soni, nyumba ya bati, shamba la karoti kule Magamba, ng'ombe wawili, na mabamba mawili ya chuma yaliyotobolewa, yametundikwa juu ya mlango. Vyote vingine naweza kukuuzia.